Uji wa Binti Werema

Katika nyumba ya wapangaji pale Nyakato, Musoma, Marieta alijulikana kwa uchoyo wa chumvi. Mpangaji mwenzake akibisha hodi na kikombe mkononi, yeye hujibu kwamba imeisha, hata kama kopo limejaa. Chakula cha mtu hapokei, na chake hampi mtu. Siku za sikukuu, wenzake wakipelekeana sahani, yeye hufunga mlango akaenda Iringo, kwenye duka alikokuwa akishona nguo, akajitafutia cha kufanya. Watu walisema ana maringo. Hakuwakatalia. Maringo yalikuwa na nafuu kuliko ukweli.

Ukweli ni kwamba alikuwa mtoto wa Werema wa Mugeta. Desemba ya mwaka wa sitini na moja, nchi ilipopata Uhuru, Werema aliwaita majirani washerehekee kwake. Alichinja dume, mkewe Dorkas akapika pombe ya mtama, watu wakala, wakanywa, wakacheza ngoma tangu asubuhi. Mchana wa saa nane, wanaume watatu waliokuwa wameketi pembeni pamoja wakaanza kutapika na kutetemeka. Kabla jua halijazama, wawili walikuwa wamekufa. Mmoja wao alikuwa Keraryo, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, ambaye mwaka uliotangulia aligombana na Werema kwa ajili ya malisho.

Werema alikamatwa, akawekwa mahabusu miezi saba, kisha akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Kuachiwa huko hakukumsafisha. Tangu siku ile hakuna aliyekunywa hata maji katika boma lake. Marieta akienda kisimani, wenzake walisogeza ndoo zao kando. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake akamtuma Butiama kwa mama mdogo, na huko akaandikishwa shule kwa jina la Clementi, mume wa mama mdogo. Werema alipokufa kwa homa miaka minne baadaye, wachache waliokuja kuzika walikuja na maji yao ya kunywa. Marieta aliziona zile chupa. Aliporudi Butiama aliendelea kuitwa Marieta Clementi, na jina hilo akaenda nalo Musoma.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa Novemba, alipata barua iliyoandikwa na mtu kwa niaba ya mama yake. Operesheni ya Vijiji ilikuwa imefika Mugeta. Mgambo walikuwa wameezua nyumba ya Dorkas na kumhamishia kijiji kipya kilichoitwa Juhudi, na mvua zilikuwa zimeanza kabla hajapata wa kumwezekea. Marieta aliomba ruhusa dukani, akapanda basi hadi Bunda, na kutoka Bunda akapata lori lililobeba unga wa msaada, ule wa njano uliokuja na njaa.

Juhudi ilikuwa mistari miwili ya nyumba zilizotazamana, nyingine zimeezekwa, nyingine bado ni fito tu. Mama yake alikuwa chini ya nusu ya paa. Walipokwisha kusalimiana, Marieta akaona moshi ukitoka nyumba ya pili, hatua thelathini hivi.

"Jirani yako nani?"

"Wankyo."

"Wankyo gani?"

"Yule yule. Mke wa marehemu Keraryo." Dorkas aliendelea kupepeta mtama. "Wamepima viwanja kwa kamba, mwanangu. Kamba haijui habari za watu."

Siku ya pili Wankyo alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika. Alileta kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa. Alimtazama Marieta kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, akasema, "Umechukua uso wa baba yako," kisha akaondoka bila kusubiri kikapu chake.

Marieta alikibeba kikapu hadi nyuma ya nyumba ili akamwage. Akakuta pale ardhi imeshachimbuliwa na kufukiwa mara nyingi.

"Hujaga kila wiki," mama yake alisema nyuma yake. "Huletaga michembe, siku nyingine maziwa. Mimi napokea, nashukuru, nafukia."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie. Miaka yote kule Mugeta hakunisemesha hata neno. Sasa kanikuta jirani, ananipenda. Wewe ungekula?"

Marieta alichukua jembe akafukia. Jioni ile mama yake alipompakulia ugali, kwanza alimega tonge yeye mwenyewe, akatafuna, akameza, akangoja kidogo, ndipo akamsogezea. Alifanya hivyo tangu mwaka ule wa Uhuru. Marieta alikuwa amesahau.

Alikusudia kukaa wiki mbili, paa liishe, arudi zake. Lakini mwenyekiti wa kijiji, Magige, alikuwa na mpango mwingine. Magige hakuwa mwenyeji wa Mugeta; alikuwa amefanya kazi ya kupima pamba huko na huko, na mambo aliyaendesha kwa haraka. Kina mama wote walitakiwa shamba la ushirika kupanda pamba, na watoto wadogo wangebaki chini ya banda la ghala, wapikiwe uji wa ule unga wa njano. Alitaka mtu anayejua kusoma, aweze kuandika majina na kuangalia kadi za kliniki. Mkutanoni akamnyooshea Marieta kidole.

Mniko, balozi wa nyumba kumi za mstari wa kwanza, akasimama. "Mwenyekiti, wewe ni mgeni. Huyu unamjua ni wa nani?"

"Najua anasoma."

"Ni wa Werema."

Marieta alitazama vidole vya miguu yake. Alitaka Magige aseme basi, tafuteni mwingine, na aibu ile iishie hapo. Lakini Magige alikuwa mmoja wa watu ambao ukiwapinga ndipo wanapokaza. Akasema kijiji hakikuanzishwa ili kufukua mambo ya zamani, kazi imeshapangwa, kesho asubuhi uji uive.

Hapo Wankyo akanyoosha mkono kutoka nyuma. "Mimi nitamchotea maji," alisema. "Miguu yangu haifai tena kwa shamba, ila kisima ni karibu."

Marieta aligeuka akamtazama. Akaona watu nao wanatazamana. Hakuna aliyeona jambo lile ni la kawaida.

Basi wakaanza. Kila asubuhi Wankyo alileta ndoo, na kila asubuhi Marieta akapanga namna ya kujilinda naye. Aliwaza hivi: huyu mama amengoja miaka kumi na mitatu. Akitia kitu ndani ya maji, watoto wataumwa, na hakuna mtu hata mmoja atakayeuliza maji aliyaleta nani. Watasema ni damu ya Werema. Atakuwa amelipiza kwa mkono wangu. Kwa hiyo Marieta aliinusa kila ndoo. Mara nyingine aliyamwaga maji akaenda kuchota mengine mwenyewe. Sufuria hakuiacha hata kidogo. Akitaka kuita watoto, aliwaita akiwa ameshika mfuniko.

Siku moja alikuwa ameinamia ndoo, akainua macho, akamkuta Wankyo amesimama anamwangalia.

"Nusa tu, mwanangu," Wankyo alisema polepole. "Kunusa ni vizuri." Akachukua ndoo tupu akaenda.

Maneno hayo yalimkosesha Marieta raha siku nzima. Aliyageuza upande huu na upande ule. Yalikuwa kejeli? Yalikuwa onyo? Alimweleza mama yake, na Dorkas akasema, "Mimi ningekuwa wewe ningerudi Musoma kesho."

Pamoja na yote hayo, kazi ilianza kumwingia Marieta kwa namna ambayo hakuitegemea. Watoto hawakujua habari za Uhuru wala za pombe. Walinyoosha vikombe vyao vya bati, wakanywa, wakalamba midomo, wakaomba tena. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu baki akila chakula alichopika yeye. Mara ya kwanza aligeuka akajifanya anachochea kuni.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, mtoto wa Mniko aitwaye Shida, wa miaka minne, alikunywa uji, akaenda kuketi kivulini, akatapika. Kisha akatapika tena, akalala chini, mwili wa moto. Habari zilifika shambani kabla Marieta hajamaliza kumfuta mdomo. Kina mama wakaja na majembe yao mabegani. Kila mmoja alimnyakua mtoto wake, akamfunua kope, akamnusa pumzi. Mniko alikuja wa mwisho, anakimbia, na alipokwisha kumweka mtoto wake mikononi mwa mkewe, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Chini palikuwa pamebaki uji wa kikombe kimoja. Akaumimina ndani ya bakuli, akamwekea Marieta mbele ya uso.

"Kunywa."

Magige naye alikuwa amefika. "Kunywa, binti," alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwomba. "Kunywa, yaishe."

Dorkas alikuwa amesimama pembeni mwa ghala, mkono kifuani. Alikuwa ameshaanza kusogea, na Marieta alijua anasogea kufanya nini: kuonja kwa niaba yake, kama alivyoonja miaka yote. Marieta alipomwona mama yake anatembea vile, ameinama, tayari kupokea bakuli, kitu ndani yake kikakataa.

"Mama, baki hapo," alisema. Kisha akamgeukia Mniko. "Sinywi."

Watu wakaguna.

"Sinywi, baba. Asubuhi nilikunywa kikombe kizima kwa sababu nilikuwa na njaa. Sasa sina njaa. Nikinywa hiki, kesho mtoto mwingine akikohoa mtaniletea kingine. Nitakunywa mpaka lini? Mama yangu ameonja miaka kumi na mitatu. Kuna aliyemwamini?" Sauti ilikuwa inamkwaruza, lakini haikukatika. "Mimi ni Marieta Werema. Mnamjua baba yangu, mnajua yaliyosemwa. Alichofanya au asichofanya, mimi nilikuwa mtoto, sijui. Ninachojua ni uji huu. Niliupika vizuri. Mtoto ana homa, mwili unachoma, na sisi tumesimama hapa. Lori la unga liko barabarani linageuza. Mpelekeni zahanati Bunda, na uji huo mwende nao, wakaupime wanavyotaka."

Mniko hakulishusha bakuli. Ndipo Wankyo alipopita katikati ya watu, akalitwaa bakuli mikononi mwake kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akanywa. Alikunywa lote. Akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akamrudishia bakuli.

"Mpeleke mtoto," alimwambia.

Wakampeleka. Watu wakatawanyika kimya kimya, kila mmoja akigeuka kumtazama Wankyo kama ataanguka. Hakuanguka. Kesho yake adhuhuri lori lilirudi na habari: Shida alikuwa na malaria, amechomwa sindano, ameshaanza kuomba chakula. Wakati huo Marieta alikuwa chini ya banda, na watoto waliokuja siku ile hawakuzidi saba.

Lakini kilichomsumbua hakikuwa idadi yao. Mtu aliyefiwa na mume kwa pombe ya Werema amekunywa uji wa binti Werema bila hata kuunusa. Mtu anawezaje kuwa na hakika kiasi hicho? Mchana alipomaliza kuosha vyombo, alikwenda kwa Wankyo. Alimkuta amekaa kizingitini kana kwamba anamngoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Jana ulijuaje?"

"Kwa sababu ukoo wenu haujawahi kumwua mtu," alisema. "Najua kwa kuwa aliyeua ni mimi."

Marieta akakaa.

Wankyo alieleza bila kulia, kama mtu aliyeyasema maneno yale peke yake mara nyingi. Siku ile ya Uhuru wageni walizidi, mitungi ikapungua. Werema akaomba kwa majirani vyombo vya kugawia pombe. Yeye Wankyo alikuwa na debe zuri lenye mfuniko, ambalo mumewe alikuwa ameletewa likiwa na dawa ya kuua wadudu wa pamba. Lilikuwa tupu tangu msimu uliopita. Aliliosha kwa majivu mara mbili, akaona linang'aa, akalipeleka. Wakalijaza pombe, wakaliweka pembeni walikokaa wanaume watatu, na mumewe mmoja wao, kwa kuwa lilikuwa debe lake.

"Walipoanza kutetemeka nililitwaa, nikanusa. Harufu ilikuwa bado chini, kwenye kona za bati. Nilikimbia nalo nikalitupa kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, nikafukia. Nilikuwa na watoto watatu, mwanangu. Mdogo alikuwa ananyonya."

"Na baba alijua?"

"Alilipokea kwa mkono wake. Mahakamani walimwuliza vyombo vilitoka wapi. Mimi nilikuwa nimekaa pale, mtoto mgongoni. Akanitazama. Akasema vyombo vyote vilikuwa vya kwake."

"Kulikuwa na nini kati yenu?"

"Hakuna. Naapa kwa hao watoto."

Marieta alimchunguza uso kwa makini, kama alivyokuwa akichunguza maji ya ndoo. Hakuona kitu zaidi ya uzee na woga.

"Alipotoka mahabusu nilimfuata malishoni," Wankyo aliendelea. "Nilimwuliza kwa nini. Akasema, watu wamefia kwangu, chombo nilikipokea bila kunusa, wewe lea watoto. Hakunisemesha tena mpaka alipokufa. Nami sikumsemesha mama yako, maana kila nikimwona nilikuwaga natetemeka."

"Kwa hiyo alichagua watoto wako," Marieta alisema. "Sisi akatuacha watu wasogeze ndoo zao wakituona kisimani. Na wewe ukanyamaza. Ukaniona napelekwa Butiama, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Michembe ndiyo malipo?"

Marieta alisimama. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani, kwa huyu mama au kwa marehemu. Miaka yote alidhani kwamba siku akisikia baba yake hana hatia atapaa kwa furaha. Sasa habari imekuja, na akashangaa kuona haikumwinua sana. Jana alikuwa amesimama mbele ya watu na jina lake akiwa hajui lolote, na miguu ilimbeba. Alichokuwa anakitafuta kwa baba yake, sehemu yake kubwa alikuwa nayo tayari.

"Sitakusemea," alimwambia Wankyo. "Lakini mama yangu nitamwambia leo. Hao wengine utajua mwenyewe."

Dorkas aliposikia, hakupiga kelele. Aliketi chini, miguu amenyoosha, akakaa vile mpaka jua likahama mlangoni. Mwishowe akasema, "Nilikaa naye miaka minne baada ya pale. Nilimpikia, nikamfulia. Sikumwuliza hata siku moja kama ni yeye. Niliogopa atasema ndiyo." Akashika upindo wa gauni la binti yake. "Kila nikionja chakula, mwanangu, sikuwa naonja kwa ajili ya watu. Nilikuwa naogopa nyumba yangu mwenyewe."

Marieta alimwacha alie.

Wankyo alikaa na siri yake siku tisa. Siku ya kumi, mkutano wa kijiji ulipofika kwenye ajenda ya mengineyo, alisimama akasema yote, hata la debe, hata la mahakamani. Magige aliacha kuandika. Mzee mmoja aliuliza kama polisi waitwe, mwingine akasema debe la dawa ni debe la dawa, wangapi hapa wana debe kama hilo nyumbani. Watu wawili watatu wakaangalia pembeni. Si wote walioamini. Mke wa Mniko alisema wazi kwamba Wankyo amerogwa na wale jirani zake, na tangu siku ile akawa hamleti Shida kwenye uji. Wengine walianza kurudisha watoto wao mmoja mmoja, bila kuomba radhi. Walimpa kikombe tu. Marieta alikipokea. Mke wa Mniko akimpita njiani bila kusalimu, Marieta alihisi uchungu wa zamani ukimgusa, kisha ukapita, naye akaendelea na safari yake.

Wankyo aliendelea kuchota maji. Hawakuwa marafiki. Siku nyingine Marieta alimjibu salamu yake kwa neno moja tu, na mama yule hakulalamika.

Paa lilipokwisha, Dorkas aliomba wapelekane Mugeta. Walitoka asubuhi na mapema, wakafika mahameni kwao jua likiwa bado la upole. Kuta zilikuwa zimeanguka, nyasi zimekwisha kufika kiunoni. Kaburi la Werema lilikuwa nyuma ya zizi la zamani, na ng'ombe wa watu walikuwa wamelikanyaga. Marieta alilima majani, akakusanya mawe yaliyotawanyika, akayapanga upya kuzunguka kaburi. Mama yake alisimama upande wa kichwani, akaanza kusema kwa lugha ya nyumbani. Alimgombeza. Alimwambia alikuwa mkaidi, kwamba mwanamume mwenye mke haamui peke yake jambo kama lile, kwamba angemwambia angelibeba pamoja naye. Alisema mengi, mengine Marieta hakuyashika kwa kuwa lugha ile alikuwa ameiacha muda mrefu.

Alipokwisha, akajipangusa uso, akamwuliza binti yake kama ana neno.

Marieta alifikiri. Alikuwa na maneno mengi, na baadhi yake hayakuwa mazuri. "Bado sijamsamehe," alisema. "Lakini nitakuwa nakuja."

"Basi na hilo amelisikia," Dorkas alisema, akachukua jembe kutoka mkononi mwake, wakarudi kwa njia ya juu inayopita katikati ya mashamba ya watu.